Baba alimtaarifu balozi kwamba nitasoma nyumbani, balozi akacheka: yaliyotukuta Ng'ambo, Tabora

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Huwa napita, nasoma, nacheka peke yangu, naondoka. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kuna mdau kauliza kwenye uzi mwingine: anataka kumfundisha mwanawe mdogo nyumbani, hiyo homeschooling mnayoisema, je analazimika kumtaarifu mtu, au anafunga tu mlango na kuanza?

Majibu niliyoyakuta pale yamenishinda. Mmoja kasema mtoto ni wako, wengine inawahusu nini. Mwingine kasema mpigie mwenyekiti wa mtaa mtaniane kidogo, yataisha.

Hapo kwenye kutaniana ndipo nilipoweka kikombe cha chai mezani.

Ninayoandika hapa ni mambo yaliyotokea. Nimebadilisha majina, maana wajukuu wa wahusika wapo na bando wanalo. Kama kuna mzaliwa wa Ng'ambo akaona nimepinda mahali, aninyooshe bila haya. Sheria ya leo sitaigusa, mimi nilikuwa muuguzi na sasa nimestaafu, nafuga kuku Isevya. Nasimulia ya kwetu tu.

Twende.

Miaka ya sabini inakaribia kuisha. Sisi tulikaa Ng'ambo, nyumba ya udongo yenye baraza pana mbele. Baba alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa hapo barazani kutwa. Mama alizaliwa upande wa Sikonge, akasomeshwa na misheni, akafundisha watoto wadogo kabla hajaolewa na kuja mjini. Mimi ni mtoto wao wa kwanza. Niiteni Zena.

Ndiyo miaka ambayo elimu ya msingi ilifanywa ya lazima. Mtoto akifikisha umri, shule. Hakuna cha kuchunga mbuzi, hakuna cha kumsaidia bibi shamba la karanga. Kwenye mkutano wa tawi la chama wazazi walielezwa vizuri tu: asiyempeleka mtoto atafikishwa kwenye sheria. Mwenye sababu ya kumbakiza nyumbani atoe taarifa kwa balozi wake wa nyumba kumi, balozi aifikishe kwa Katibu Kata, Katibu Kata akae na mratibu wa elimu waamue.

Kwa vijana ambao hamkumkuta balozi: kila nyumba kumi zilikuwa na mtu wao. Mgeni akilala kwako, balozi ajue. Sukari ikiletwa duka la ushirika, balozi ajue. Mke na mume wakirushiana sufuria, balozi alikwishajua kabla sufuria haijatua.

Kwa hiyo njia ya kutoa taarifa ilikuwepo, na ilikuwa nyepesi. Unavuka barabara, unasema, unarudi.

Sasa sababu ya kunibakiza nyumbani.

Nilikuwa na pumu. Ilinianza nikiwa mdogo sana. Mnaoijua Tabora mnajua kipupwe chake: asubuhi baridi inauma, na mvua zikishakatika vumbi jekundu linakaa hewani kutwa nzima. Kifua changu kilikuwa kikibana namna ambayo mama alikuwa ananiketisha kitandani na kunishika mgongo mpaka nipate pumzi. Mara mbili tatu nilikimbizwa hospitali kudungwa sindano, na daktari akamwambia mama waziwazi, huyu asikimbizwe na asipelekwe kwenye vumbi, angalau kwa sasa.

Na shule za wakati ule, siku ilianza na mchakamchaka. Mnakimbia alfajiri, mnaimba, vumbi linatimka, wa mbele anamtimulia wa nyuma. Baada ya hapo kufagia uwanja. Hakukuwa na mambo ya "mwalimu mimi sijisikii". Ungejisikia tu.

Mama akasema, "Nitamfundisha mwenyewe mpaka kifua kikomae. Kufundisha ndiyo kazi yangu."

Baba akakubali. Ila kulikuwa na jambo moja. Neno pumu kwetu halikutoka mlangoni.

Msituhukumu, wakuu. Watu waliamini pumu inaambukiza. Mtoto akijulikana anayo, anatengewa kikombe. Akiwa wa kike, ndiyo kabisa, watu wanaanza kumhesabia ndoa iliyokufa angali hajaota meno ya ukubwani. Kwa hiyo kifua kikibana, mama alifunga mlango, na majirani wakiuliza waliambiwa mtoto ana mafua.

Sasa nimlete balozi wetu.

Nitamwita Mzee Kondo. Alikuwa Mzaramo, alikuja Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akaona hana haja ya kurudi pwani. Nyumba yake ilitazamana na yetu. Na kwa kuwa yeye ni Mzaramo na sisi ni Wanyamwezi, alikuwa mtani wetu.

Nijieleze kidogo kwa mliozaliwa juzi. Babu zetu walibeba mizigo kwa miguu kutoka huku kwetu mpaka pwani, wakapita na kulala kwenye vijiji vya Wazaramo, wakagombana, wakazikana, wakapatana. Ikabaki desturi ya kutaniana. Mtani anakutukana, humkasirikii. Anakuchukulia kofia yako, humdai. Anakuja msibani kwako analeta vituko, na wewe unashukuru.

Baba na Mzee Kondo walikuwa hodari wa jambo hilo. Tangu nijue kusikia sikuwahi kusikia mmoja akimwambia mwenzake sentensi iliyonyooka. Asubuhi baba akifungua cherehani, Kondo anapaza sauti toka ng'ambo ya barabara.

"Mpagazi! Umeamkaje na mzigo?"

Baba anajibu bila kuinua kichwa, "Mla nazi, kumbe hujafa? Nilikwishakata sanda."

Hata salamu hawakupeana. Hakukuwa na shikamoo kati ya nyumba yetu na ile. Sisi watoto tulipomwamkia, Kondo hakuitikia. Aliuliza tu, "Adabu umeitoa wapi wewe, si umezaliwa Unyamwezini?" Basi nasi tukaacha, tukawa tunamtolea ulimi, naye anafurahi.

Mwanzoni mwa mwaka huo, wenzangu wakiwa wanaandikishwa, baba alinishika mkono tukavuka barabara kwenda kutoa taarifa. Nakumbuka nilivaa gauni jipya la kipande kilichobaki kwenye kazi ya mtu. Kondo alikuwa amekaa na wazee wenzake wawili wanakunywa kahawa.

Baba akasema, "Mzee Kondo, leo nimekuja kwa mambo ya ofisi."

"Ofisi gani inamfungulia mpagazi? Tua mzigo nje kwanza."

"Nimekuja kutoa taarifa. Zena mwaka huu shule hatakwenda. Atasoma nyumbani, mama yake ndiye atamfundisha."

Kondo alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. "Mnyamwezi kafungua shule! Jamani mmesikia? Shule yenyewe iko wapi, uvunguni?"

Sasa hapo, wakuu, mtu mwingine angesimama wima akasema hapana mzee, nina maana. Baba yangu hakuumbwa hivyo. Ukimrushia, lazima arudishe.

"Uvunguni ndiyo," akasema. "Na imebaki nafasi moja nimekuwekea wewe. Utaanza na somo la kuoga."

Wazee wakacheka, Kondo akacheka, baba akapewa kahawa akanywa. Sababu hakuisema, na hakuulizwa. Tukarudi.

Mama alikuwa mlangoni. "Umemwambia?"

"Nimemwambia. Mbele ya watu."

"Kwa uso gani?"

"Kwa uso wangu."

Mama akamwangalia. "Baba Zena, uso wako mbele ya Mzee Kondo haujawahi kusema kweli. Rudi kamwambie tena."

Baba akakataa. Taarifa haitolewi mara mbili, alisema, kama mtu hachumbii mara mbili. Mama mwenyewe hakuweza kwenda. Mambo ya balozi yalikuwa ya mwenye nyumba, na hata angekwenda, Kondo alikuwa akimwita yeye "mke wangu mdogo niliyemwazimisha mpagazi". Angeanzia wapi kusema jambo la maana?

Basi tukaanza shule.

Niwaambie ilikuwaje, maana ndiyo mnachotaka kujua ninyi wa homeschooling. Mama aliondoa mchezo kabisa. Asubuhi nikishakunywa uji nilitoka nje, nazunguka nyumba, napiga hodi, naingia nasema, "Shikamoo mwalimu." Anaitikia "Marahaba, kaa chini," kama hanijui. Mpaka mchana ndipo anageuka kuwa mama tena.

Ubao ulikuwa mgongo wa mlango wa chumbani. Chaki ilikuwa ile bapa ya baba ya kuchorea nguo. Hesabu nilijifunza kwa vifungo na kwa futi kamba ya fundi, kwa hiyo nilijua kupima kiuno cha mtu kabla sijajua kutoa kwa kukopa. Kusoma nilianzia kwenye magazeti yaliyofungiwa maandazi, na mara nyingi habari iliishia katikati kwa sababu ya mafuta.

Nje huko Kondo alikuwa anaitangaza shule yetu mtaa mzima. Akimwona mtu anapita anamwambia, "Nenda kamsalimie mwalimu mkuu wa uvunguni." Baba akishona anasikia, anacheka. Alijua taarifa yake imeshika njia. Na kila mtu mtaani alijua nasoma nyumbani. Aliyekuwa hajui ni Katibu Kata peke yake.

Kipupwe kikaingia.

Asubuhi moja wakaja watu watatu, mratibu wa elimu wa kata na mgambo wawili, wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta watoto wasioko shule. Walinikuta nimekaa sakafuni naandika. Mratibu, mtu mpole tu, akamwuliza mama, "Huyu mbona yuko nyumbani?"

"Anasoma hapa. Taarifa tulimpa balozi tangu mwanzo wa mwaka."

Wakavuka barabara. Tuliwaona toka dirishani wakiongea na Kondo, na tulimwona Kondo akianza kucheka, kisha akiacha. Baadaye tulijua alichowaambia. Aliwaambia, "Taarifa? Ule si ulikuwa utani!"

Jioni baba akaletewa wito. Siku ya baraza afike ofisi ya tawi, na mtoto awepo.

Usiniulize kama niliogopa. Niliogopa sana. Watoto wa jirani walikwisha kuniambia habari za mchakamchaka, kwamba ukibaki nyuma unasukumwa. Nilikuwa najua kifua changu kuliko mtu yeyote mle mtaani. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nikikimbia nitakufa, na sikuona aibu kulia.

Mama hakumgombeza baba. Alimwambia tu, "Kesho kutwa utasema sababu. Yote."

Baba aliinamia kazi yake. Aliendelea kukata kitambaa.

Siku ya baraza tulikaa kwenye mabenchi uani kwa tawi. Watu wengi, wengine wameitwa kama sisi, wengine wamekuja kutazama. Katibu Kata alikuwa kijana kutoka mikoa ya kaskazini, hana muda mrefu Tabora. Hakuwa mbaya. Alikuwa na kazi yake na aliifanya.

Ilipofika zamu yetu akauliza swali moja. "Taarifa ilitolewa au haikutolewa?"

Baba akasema, "Ilitolewa."

Akamgeukia Kondo. "Balozi?"

Kondo akasimama. "Ndugu Katibu, maneno aliyasema, sikatai. Lakini huyu ni mtani wangu. Tangu nihamie pale hajaniambia neno la kweli hata moja. Juzi tu alinitaarifu kwamba nimekufa."

Uwanja mzima ukacheka. Na wakuu, niwe mkweli, hata mgambo walicheka.

Katibu Kata hakucheka. Alisubiri wanyamaze. "Mimi sina mahali pa kuandika utani," akasema. "Kwangu mimi taarifa haikutolewa. Jumatatu mtoto aanze shule, na afuate ratiba yote kama wenzake. Mzazi tutampeleka mahakama ya mwanzo."

Ratiba yote. Nilisikia vidole vya mama vikinikaza begani.

Baba akasimama tena. "Ndugu Katibu, naomba niitoe upya. Hapa hapa."

"Itoe kwa balozi wako. Ndiyo utaratibu."

Baba akamgeukia Kondo. Na Kondo, kwa mazoea tu, uso wake ukawa umekwisha kuanza kucheka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Haya mpagazi, tua mzigo." Wakaanza tena kucheka. Nilimwona baba kabisa anatafuta namna ya kusema na haipati, maana hakuwahi kuwa nayo.

Kisha akavua kofia. Akatembea mpaka alipo Kondo, akasimama mbele yake.

"Mzee Kondo," akasema. "Leo utani nauweka chini."

Watu wakanyamaza. Kwa asiye na mtani hilo ni neno la kawaida tu. Kwetu, hata kwenye msiba utani hauwekwi chini.

Baba akainamisha kichwa. "Shikamoo."

Kondo alimtazama. Kicheko kilimtoka usoni polepole, akawa mzee tu, mzee ambaye mimi sikuwahi kumwona.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya chini sana.

"Mwanangu ana pumu," baba akasema. "Nimeificha tangu akiwa mchanga, kwa kuogopa maneno ya watu. Mama yake anamfundisha nyumbani kwa sababu akikimbia kwenye vumbi hapati pumzi, na mimi sitaki kumzika. Hiyo ndiyo taarifa yangu. Nilipokuja kwako sikuisema hivi."

Macho yote yakanigeukia. Mama mmoja tuliyekaa naye benchi moja akasogea kidogo upande wa pili, kidogo tu. Niliona. Baba naye aliona, maana alinitazama kama mtu aliyeniuza. Mimi sikujali. Nilikuwa nasubiri kujua Jumatatu nakimbia au sikimbii.

Kondo hakuwa na haja ya kusema zaidi. Angekaa kimya, kosa lilikuwa limekwisha kumwangukia baba. Badala yake alivuta pumzi akamgeukia Katibu Kata.

"Ndugu Katibu, andika. Huyu bwana alitoa taarifa tangu mwanzo wa mwaka, barazani kwangu, mtoto kamshika mkono. Alikuja kwa miguu yake na akataja neno taarifa. Balozi ndiye hakuifikisha."

"Kwa sababu gani?"

"Balozi alikuwa anacheka."

Hakuna aliyecheka safari hii.

Katibu Kata aliandika. Akasema mama apate neno la daktari, aendelee kunifundisha, na mratibu awe anakuja kila mwisho wa muhula kunipima kama naelewa. Kifua kikitulia niingie darasa la wenzangu. Mashtaka yakafutwa. Halafu akamwambia Kondo bila hasira, "Na suala la ubalozi wako tutalizungumza."

Walilizungumza. Hazikupita wiki nyingi tukapata balozi mwingine, mtu makini, ambaye simkumbuki hata sura.

Hapo ndipo mnaopenda hadithi fupi mnaweza kuishia. Tulishinda. Mratibu alikuja kama alivyosema, ananiuliza hesabu, naye nampima kiuno kwa macho. Darasa la tatu nikaingia shuleni na wenzangu, nimeruhusiwa nisikimbie. Kuna watoto walikatazwa kunywa maji kikombe kimoja na mimi, nikazoea kutembea na changu. Kifua kilitulia nilivyokua, nikasoma, nikawa muuguzi. Nimezaa, nina wajukuu. Ile ndoa waliyokuwa wananihesabia imekufa, ilidumu mpaka mume wangu alipotangulia.

Lakini kuna sehemu iliyobaki.

Baba alifikiri utani unawekwa chini kama kofia, ukimaliza unauokota. Kesho yake asubuhi alifungua cherehani, akapaza sauti, "Mla nazi, kumbe hujafa?"

Kondo akatoka mlangoni. "Habari za asubuhi, bwana. Kifua cha mtoto kinaendeleaje?"

Baba akajaribu tena siku nyingine, na nyingine. Kondo alijibu vizuri, kwa heshima, kila siku anauliza kifua. Alikuwa amemcheka mtoto mgonjwa mtaa mzima kwa miezi, na alilijua hilo, halikumtoka. Ubalozi nadhani haukumuuma. Lililomuuma ni lile la uvunguni.

Mwishowe baba naye akaacha. Wakawa majirani wenye adabu. "Habari za leo." "Nzuri mzee." Miaka ikapita hivyo, barabara moja katikati. Nilikuwa nikimsikia baba akishona, na kile kimya cha asubuhi kiliniuma hata mimi.

Mara moja tu alinisemesha kuhusu hilo. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo cha uuguzi. Alisema, "Wewe ulipata shule, mwanangu, na nashukuru. Ila Mzaramo wangu nilimwacha pale tawini."

Baba alifariki nikiwa nimekwisha kuanza kazi. Nilifika kutoka Nzega asubuhi ya maziko. Nyumba imejaa, wanawake ndani, wanaume nje. Dua ikasomwa, jeneza likainuliwa, wakaanza kutoka nalo.

Wakasimama mlangoni.

Mzee Kondo alikuwa amekaa kwenye kizingiti, miguu kainyoosha mbele, fimbo kailaza. Alikuwa mzee hasa, macho yamefifia, mtu wa kushikwa mkono akivuka barabara. Alivaa futi kamba ya baba shingoni. Aliichukua wapi sijui.

"Hapiti mtu," akasema. "Mpagazi huyu anakwenda wapi? Kamtaarifu nani?"

Vijana waliobeba jeneza hawakujua wafanye nini. Wengine walidhani mzee amechanganyikiwa. Ndani nikamsikia mama, aliyekuwa hajatoa sauti tangu jana yake, anaanza kucheka huku analia.

"Nauliza," Kondo akasema. "Balozi kaambiwa?"

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nikatoka mbele ya wanaume wote, nikachutama pale kizingitini.

"Mla nazi," nikasema, "nakuja kutoa taarifa. Baba amefariki."

Akatikisa kichwa. "Sipokei. Ninyi Wanyamwezi kila taarifa yenu ni utani. Nimeshawahi kudanganywa na huyu. Mwambie aamke anitukane."

Machozi yalikuwa yanamtiririka kwenye ndevu, na mdomo unacheka.

Nikakaa pale nikijua kitu kimoja tu cha kufanya. Nikamshika mkono.

"Babu Kondo," nikasema, "utani nauweka chini. Shikamoo."

Alikaa kimya mpaka nikadhani hataitikia, kama alivyozoea tangu tukiwa watoto.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Akasogeza miguu, baba akapita.

Basi wakuu, ndiyo hayo.

Mdau uliyeuliza, jibu langu: ndiyo, taarifu. Usifunge mlango tu. Ulizia kwanza anayepaswa kujua ni nani, nenda mwenyewe, sema na sababu hata kama unaionea haya, na siku hizi andika barua ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Zaidi ya yote hakikisha unayemwambia amejua kwamba una maana. Mzazi wangu alitimiza sheria yote ikabaki hiyo sehemu moja.

Walimu, wanasheria na mliowahi kufundisha watoto nyumbani, mjazie hapo chini nilipopungukiwa, nitasoma zote.

Na Wazaramo mliomo humu, nawajua mpo. Msiniandikie pole. Nitukaneni kidogo.